Serikali ya Kenya na uzazi wa mpango

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara. Suala hilo lilikuwa limetajwa katika waraka wa serikali nambari 10 wa 1965, uliotolewa wakati Tom Mboya alipokuwa waziri wa mipango. Lakini kwa miaka mingi mpango ulibaki zaidi makaratasini. Utafiti wa 1977/78 ulikuta mwanamke akikadiriwa kuzaa watoto 8.1 maishani, na wanandoa waliotumia njia yoyote ya kuzuia mimba walikuwa takriban asilimia 7 tu. Ni kosa kuwalaumu wanawake kwa takwimu hizo: kliniki zilikuwa chache na mbali.

Mwaka 1982 liliundwa Baraza la Kitaifa la Idadi ya Watu na Maendeleo, na miaka miwili baadaye ikatoka sera kamili. Vidonge na kondomu vikaanza kufikishwa vijijini na wahudumu wanaofahamika na wenyeji, na zahanati nyingi zikatoa sindano. Kufikia 1998 wastani wa uzazi ulikuwa umeshuka hadi 4.7, mteremko wa kasi ambao haukutarajiwa na wengi.

Kisha ukakwama. Fedha na macho ya serikali na wafadhili vilielekea kwenye UKIMWI, janga lililostahili kila shilingi. Hata hivyo, uzazi wa mpango haukupaswa kuachwa nyuma. Kati ya 1998 na 2003 wanandoa waliotumia kinga walibaki asilimia 39, bila kuongezeka. Kipindi hicho kinaonyesha wazi kuliko kingine chochote kwamba hamu ya mama ya kupumzika kuzaa haimsaidii anapofika kliniki akakuta dawa zimeisha.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, iliitambua afya ya uzazi kuwa haki. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.4, huku asilimia 57 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa. Wastani huo unaficha pengo kubwa: 2.5 Nairobi, 7.7 Mandera. Tangu ugatuzi wa 2013, kliniki zinaendeshwa na kaunti, na kaunti za kaskazini zilirithi vituo vichache na barabara mbovu zilizopuuzwa tangu ukoloni.