Umesafishwa kizazi? Haya ndiyo ya kutegemea ukirudi nyumbani

Leo naweka ishu ambayo dada zetu hapa Ifakara wanaulizana chini chini. Mimba ikitoka na mabaki yakabaki ndani, hospitali wanakusafisha kizazi, mara nyingi kwa pampu ya mkono. Zoezi ni la dakika chache na wengi wanaruhusiwa siku hiyo hiyo. Sasa ukifika nyumbani? Mimi si daktari, ila haya ni ya kujua.

MAUMIVU: Tumbo la chini linanyonga kama la hedhi kwa siku chache. Panadol inasaidia.

DAMU: Inatoka kidogo kidogo mpaka wiki 2 hivi, huku ikipungua. Tumia pedi. Usiingize chochote ukeni, iwe maji ya kujisafishia au mizizi. Tendo la ndoa lisubiri damu ikate.

KAZI: Pumzika siku mbili tatu. Ndoo za maji na palizi ya mpunga waachie wengine.

HEDHI: Inarudi baada ya wiki 4 hadi 8. Ila mimba inaweza kuingia hata ndani ya wiki 2, kabla hujaiona hedhi. Kama hutaki, ulizia uzazi wa mpango kabla hujaondoka hospitali.

HOMA: Hapa ndipo penye hatari. Bonde letu la Kilombero lina malaria, kwa hiyo mtu akichemka tu anakimbilia dawa mseto dukani. Jamani, homa baada ya kusafishwa inaweza kuwa maambukizi kwenye kizazi, na yanaua. Hata kipimo kikionyesha malaria, maambukizi yanaweza kuwepo pia. Rudi hospitali, useme wazi kuwa ulisafishwa na lini. Ukificha kwa aibu watatibu malaria peke yake.

Rudi haraka pia kama unalowanisha pedi 2 kwa saa kwa saa 2 mfululizo, uchafu unanuka, tumbo linazidi kuuma au unazimia. Wa Ulanga na Malinyi zamani mlisubiri kivuko, lakini sasa kuna daraja la mto Kilombero, hivyo kufika St. Francis kumekuwa rahisi zaidi.

Makaka, hii inawahusu. Mkeo akichemka usiku, msingoje kuche.

Haya wadau, uwanja wenu, maswali na maoni ruksa!