Kielezi "Yet" Katika Madarasa ya Ngara na Biharamulo

Mwalimu wa Kiingereza katika kidato cha kwanza, awe Ngara mjini au Biharamulo, akiwapitia wanafunzi wake dawati kwa dawati na kumuuliza kila mmoja "Have you finished?", hatakawia kumpata ambaye kazi yake haijatimia na ambaye, kwa sauti ya mtu aliyejibu sawasawa, atamwambia "Still". Mwalimu humsahihisha akamwambia kuwa jibu ni "Not yet", mwanafunzi hulikariri, na wiki ya pili "Still" ile ile hurejea. Aghalabu kosa hili huhesabiwa kuwa ni uvivu, au upungufu wa msamiati. Nami nadai katika makala haya kuwa mwanafunzi huyo ametumia akili yake vizuri, ila amepewa ufunguo usio wa mlango huo, na ufunguo wenyewe ni neno "bado".

Neno "bado", ambalo asili yake ni Kiarabu, lina kazi nyingi katika Kiswahili. Twasema "bado analima" tukiwa na maana kuwa kazi aliyoianza inaendelea; twasema "bado hajalima" tukiwa na maana kuwa kazi haijaanza, na huku yatarajiwa; twasema "bado saa moja" tukihesabu muda uliosalia; na neno lenyewe likisimama pweke huwa jibu kamili la kukanusha. Katika matumizi yote hayo jambo moja halibadiliki, nalo ni kwamba badiliko linalongojewa halijafika, na hali iliyokuwapo ndiyo iliyopo. Kiingereza kimeigawa maana hii mafungu mawili: "still" huitazama hali inayodumu, na "yet", ikiwa katika kukanusha, hulitazama lile badiliko linalongojewa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa "still" ni "bado", na kesho yake akafundishwa kuwa "yet" nayo ni "bado", ana haki ya kuyaona maneno haya kuwa ni mapacha, na kulichukua lolote litakalotangulia kumjia kinywani.

Wala Kiswahili si peke yake katika mwendo huu. Kifaransa hutumia "encore" kwa hali inayodumu na "pas encore" kwa jambo lisilotokea, na Kijerumani kadhalika husema "noch" na "noch nicht". Hata mtoto aliyeanza shule Burundi kisha akavuka mpaka wa Kabanga na kuingia darasani Ngara, huja na Kifaransa ambacho katika mas'ala haya kinakubaliana na "bado" yetu na kuhitilafiana na Kiingereza. Mwanaisimu Sebastian Löbner, katika uchambuzi wake wa maneno ya Kijerumani ya namna hii aliouchapisha mwaka 1989, alibainisha jambo ambalo lingewafaa sana walimu wetu: kinyume cha "still" si "not yet", ni "no longer", na "not yet" ni kinyume cha "already". Kwa lugha yetu, "ameshalima" hukanushwa na "hajalima", na "bado analima" hukanushwa na "halimi tena". Jozi ni hizo mbili. Mwalimu anayeziandika "still" na "yet" ubaoni bega kwa bega, kana kwamba ni jozi moja, amekwisha kuwapoteza wanafunzi kabla hajatoa mfano wa kwanza.

Basi tafsiri ya "yet" itafutwe wapi? Itafutwe ndani ya kitenzi. "Hakulima" ni habari iliyofungwa: msimu umepita, na shamba limelala. "Hajalima" ni habari iliyo wazi, kwani msemaji angali akitarajia kuliona jembe likiingia. Tofauti hiyo yote imebebwa na kiambishi "-ja-", bila ya msaada wa neno lingine; "bado" ikiongezwa hapo huwa ni ya kutia mkazo tu. Kwa hiyo penye "-ja-" pana "not yet", na penye "-mekwisha-" au "-mesha-" pana "already". Na kwa ajili ya "still" Kiswahili cha pwani kina silaha yake ya zamani, nayo ni "-ngali": "angali mgonjwa", "kungali mapema", "angali akilima". Sioni sababu ya kuiacha silaha hiyo ioze ghalani, maadamu ndiyo pekee inayoitenga "still" na "not yet" bila ya shaka yoyote.

Huenda msomaji akasema kuwa "-ngali" haisemwi sana bara, na kwamba mwanafunzi ataichanganya na "-ngali-" ya masharti, kama katika "angalikuja". Ni kweli. Lakini mtoto wa Ngara hahitaji kungoja Kiswahili cha Mvita au cha Unguja kimfunze maana hii, kwa sababu amezaliwa nayo. Kihangaza na Kishubi wataalamu wa lugha za Kibantu wameziweka katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Na katika Kirundi mtu anayeendelea kulima husemwa "aracarima", na ambaye hajalima husemwa "ntararima". Tazama jinsi viambishi vilivyotengana, kila kimoja na mahali pake, wala hakuna neno moja linalozitumikia maana zote mbili. Aliyelelewa katika lugha ya kundi hili anayo kichwani hitilafu ile ile ambayo Kiingereza kinaitaka. Sisi ndio tunaompitisha katika "bado", tukaziunganisha maana alizokuwa amekwisha kuzitenga, kisha tukamlaumu kwa kuzichanganya.

Biharamulo mambo ni magumu zaidi. Huko mwalimu huwakuta Wasubi, Wazinza, Wasukuma na Waha katika darasa moja, na yeye mwenyewe pengine ametoka Mbeya au Kilimanjaro wala hajui hata moja ya lugha hizo. Simtaki azijifunze zote. Namtaka awaulize wanafunzi swali moja tu: kwenu husemwaje kwamba mtu angali akilima, na husemwaje kwamba hajalima? Majibu yakiandikwa ubaoni, kazi iliyobaki ni ndogo.

Zipo hatari nyingine ambazo "bado" haiwezi kuzizuia. Katika swali la Biolojia lisemalo "The seeds have yet to germinate" hamna neno la kukanusha hata moja, ilhali maana yake ni kuwa mbegu hazijaota. Mwanafunzi akiiona "have" hudhani zimekwisha kuota, akajenga jibu zima juu ya mchanga. "Has the bus come yet?" ni swali la mtu anayelingojea basi, ambapo "Has the bus come already?" ni la mtu aliyeshangaa kwa kuwa limewahi kuliko alivyodhani. Tena "yet" ikianza kishazi huwa "hata hivyo", na "still" ikitangulia maji huwa sifa, yaani maji yaliyotuama ambamo mbu hutaga mayai. Haya ya mwisho kamusi yatosha kuyaeleza.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa kwa Kiswahili, na sekondari ikabaki kwa Kiingereza, licha ya Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi juu. Mtoto wa Ngara aliyemaliza darasa la saba huulizwa kuhusu historia, mimea na hesabu kwa vielezi hivi hivi. Tena wilaya hiyo imekuwa njia panda ya mataifa: mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kambi ya Benaco ikachipuka, Kiingereza kilikuja pamoja na mashirika ya misaada, kikawa lugha ya kuombea kazi na ya kupelekea taarifa. Mkuu wa ghala akiuliza kama malori ya chakula yamefika, naye akajibiwa "Still", hajui kama aendelee kungoja au kama malori yangali yakishusha mizigo.

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mitaala na vitabu vya kiada, ivitoe "yet", "still" na "already" katika orodha za vielezi na kuvihamishia katika mlango wa nyakati za vitenzi, na kila kimoja kiwekwe kando ya kiambishi chake cha Kiswahili. Na walimu wa Ngara na Biharamulo wasingoje kitabu kipya. Ubao na swali lile moja vinatosha kuanzia muhula huu.