Ghala la Mvinyo la Glasgow

William Thomson, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la Lord Kelvin, alipopewa uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1846, naye ni kijana wa miaka 22 tu, desturi ya masomo hayo katika vyuo vya Uingereza ilikuwa mwalimu kufanya jaribio kwa mikono yake mwenyewe, na wanafunzi kuketi wakitazama na kuandika. Na aghalabu mtu aliweza kuhitimu shahada yake pasipo kugusa ala hata moja.

Thomson, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi mjini Paris katika maabara ya Regnault, bingwa wa upimaji wa makini, hakuridhika na hali hiyo. Akajipatia ghala la mvinyo lililokuwa halitumiki tena, akawaalika humo vijana wenye shauku. Kazi ya humo haikuwa sharti la shahada. Na wengi wao, jambo linalonipendeza kupita yote, walikuwa wakisomea ukasisi.

Hawakupewa mazoezi ya kitabuni, bali masuala ambayo profesa mwenyewe alikuwa bado akiyatafutia jawabu. Mwaka 1857, wakati waya wa telegrafu wa kulazwa chini ya bahari ya Atlantiki ulipokuwa ukitengenezwa, shaba iliyouzwa na watengenezaji mbalimbali ilipimwa humo: nyaya za urefu mmoja, unene mmoja na mng'aro mmoja, ambazo jicho halikuweza kuzipambanua, walakini umeme ulipopitishwa, baadhi ziliupitisha kwa taabu kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ya takataka chache tu zilizochanganyika na shaba. Thomson akashikilia kwamba mikataba ya ununuzi itaje sharti la upitishaji wa umeme. Waya wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache. Wa 1866 ukafanya kazi.

Chuo kilipohamia Gilmorehill mwaka 1870, maabara ikapata makao ya kustahiki, na kadiri miaka ilivyopita upimaji ukawa fungu la kawaida la masomo ya shahada, huko na kwingineko, ukipangwa kwa zamu, jawabu la kila jaribio likijulikana kabla halijaanzwa. Utaratibu huo una manufaa, kwani pasipo huo wanafunzi wengi hawangefundishika kwa pamoja. Lakini kwa rai yangu, kijana anayetafuta jambo ambalo hata mwalimu wake halijui hujifunza fizikia kwa namna ambayo hakuna zoezi liwezalo kuishika nafasi yake.

Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulipofika Unguja mwaka 1879, katika zama za Sultani Sayyid Barghash, kupima shaba kabla ya kuisuka kulikuwa kumekwisha kuwa desturi ya kazi hiyo.