Gofu ya Jasper na waliokuwepo kabla

Wadau, mimi na mai waifu tumerudi salama kutoka Kanada. Tulishika barabara ya Yellowhead kuanzia Saskatoon, gofu kila tulipotua: nyika tambarare za ngano, Edmonton, halafu milima ya Rocky hiyooo!

Jasper tulicheza uwanja wa mashimo 18 aliouchora Stanley Thompson, uliofunguliwa 1925. Jamaa alielekeza mashimo kwenye vilele, unapiga mpira ukilenga mlima. Raha tupu.

Ila umbea wa kiandishi haukuniacha. Kabla ya watalii, nani aliishi bonde hili? Kumbe ni familia za Wametisi, machotara wa Wazungu na wenyeji wa asili, wakilima na kufuga. Mwaka 1907 serikali ikatangaza hifadhi. Mwaka 1910 ikawalipa fidia ya majengo na maendelezo, ardhi hapana, wakahama. Lewis Swift, Mmarekani, aligoma, akaja kupata hati yake, akabaki.

Nilipomsimulia mai waifu, aliuliza swali moja tu: "Kwa nini wao hawakupewa hati?"

Mkienda chezeni, wadau, ila na hilo mliulize.