Utabiri wa mtoano wa BAL

Utabiri wa mtoano wa BAL ni ubashiri, unaofanywa kabla msimu haujaanza, wa timu zitakazofuzu hatua ya mtoano ya Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika (BAL) na ile itakayotwaa ubingwa. Ligi hiyo ya NBA na FIBA ilianza Kigali, Mei 2021. Mtabiri hupima rekodi ya klabu, kocha na usajili, ingawa wachezaji wa kigeni mara nyingi husajiliwa dakika za mwisho. Kumtegemea bingwa mtetezi ni njia dhaifu: misimu mitano ya kwanza ilitoa mabingwa watano tofauti, yaani Zamalek (2021), US Monastir (2022), Al Ahly (2023), Petro de Luanda (2024) na Al Ahli Tripoli (2025). Mambo ya nje ya uwanja nayo huvuruga hesabu. Machi 2024 Dynamo ya Burundi iliondolewa baada ya kukataa jezi zenye tangazo la utalii la Rwanda. Nchini Tanzania, utabiri unaochezewa kwa fedha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003.