Filamu za Wafuasi: Mbona Mmoja Hulia na Mwengine Huzomea?

Jioni moja barzani kwetu, Mji wa Kale, wazee wawili waliokunywa kahawa pamoja tangu ujana wao walikosana. Hawakukosanishwa na siasa wala shamba wala mpira. Walikosanishwa na filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 1991, Lamhe, ambayo kijana mmoja alikuwa akiitazama kwenye simu yake.

Mmoja, dereva mstaafu, alisema haijatokea filamu ya mapenzi kuishinda ile. Mwenzake, fundi seremala, alitema mate akasema, "Hayo si mapenzi, hiyo ni khiyana." Maneno yakapanda. Fundi akainuka na kikombe chake hakijaisha, na kwa wiki mbili hakuonekana barzani.

Mimi diploma yangu ni ya uhasibu, si ya sinema. Lakini filamu hizi nimezitazama tangu utotoni, na swali la siku ile lilinikaa: inakuwaje filamu moja, iliyochezwa na watu wale wale, imtoe mmoja machozi na imtie mwengine hasira? Niliyoyakusanya ndiyo haya.

Filamu ya wafuasi ni ipi?

Kwa Kiingereza filamu za namna hii huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa madhehebu madogo yenye siri zao. Mimi nitaziita filamu za wafuasi, kwa sababu kinachozitambulisha si mauzo wala tuzo. Ni kuwa na watu wao wanaozishikilia kwa miaka, wanaojua maneno yake kwa moyo, na wanaokasirika ukizisema vibaya.

Filamu inayopendwa na kila mtu haimo humu. Filamu ya wafuasi mara nyingi huanza kwa kuanguka. Hutoka, watu hawaendi, wenye pesa hulia hasara. Kisha baadaye watu huikuta kwenye televisheni, kwenye kanda au kwenye onyesho la usiku, wakaifanya yao.

Mtindo huu ulipata sura yake New York katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa mwaka 1970 jumba la Elgin lilianza kuonyesha El Topo, filamu ya Alejandro Jodorowsky, usiku wa manane. Mwaka 1976 jumba la Waverly likafanya vivyo hivyo kwa The Rocky Horror Picture Show, filamu iliyokuwa imetoka mwaka mmoja kabla na kukosa watazamaji. Watu wakawa wanarudi kila wiki, wamevaa kama waigizaji, wanajibizana na skrini, na penye harusi wanarusha mchele. Ni filamu yenye mambo ambayo wengi wetu hatungekaa na watoto tukayatazama, na hata huko kwao wapo walioichukia. Lakini wafuasi wake hawakuhitaji idhini ya mtu.

Sisi pwani hatukuwa na maonyesho ya usiku wa manane ya namna hiyo. Tulikuwa na majumba ya sinema yaliyojaa filamu za Kihindi, kisha zikaja deki na kanda za kukodi. Kanda moja ilizunguka mtaa mzima mpaka picha ikawa na mvua. Humo ndimo wengi wetu tulimozikuta filamu ambazo India kwenyewe zilikuwa zimeanguka.

Lamhe: mapenzi au khiyana?

Turudi kwa Lamhe, maana ndiyo mfano ulio wazi. Iliongozwa na Yash Chopra. Viren, aliyechezwa na Anil Kapoor, anampenda Pallavi, mwanamke aliyemzidi umri. Pallavi, ambaye ni Sridevi, moyo wake uko kwa mwengine na anaolewa naye. Mume na mke wanafariki kwa ajali, wanaacha mtoto mchanga wa kike, Pooja. Viren anaishi London, na mtoto analelewa na yaya, aliyechezwa na Waheeda Rehman. Pooja anapokua anafanana na mamake kama pacha, na Sridevi huyo huyo ndiye anayemcheza. Kisha Pooja anampenda Viren. Mwisho wanaoana.

India watazamaji wengi waliikataa na filamu ikapata hasara, ingawa nje ya India ilifanya vizuri. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Filmfare ya filamu bora. Chopra mwenyewe aliihesabu miongoni mwa kazi zake alizozipenda zaidi. Basi umma umekataa, waamuzi wametuza, na mtunzi anajivunia. Ugomvi wa barzani kwetu ulianzia huko.

Wanaoitetea wana hoja. Viren hakumlea Pooja kwa mikono yake, aliyemlea ni yaya. Viren alikuwa mbali na alimuona mara chache. Tena yeye ndiye anayekimbia, na msichana ndiye anayempenda kwanza. Wanaoipinga nao wana hoja. Mtu aliyemjua mtoto tangu kuzaliwa kwake amebeba dhamana, na dhamana haihesabiwi kwa siku alizokaa naye nyumba moja. Tena, wanauliza, anampenda binti au anaipenda sura ya marehemu?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito wake. Katika sheria ya Kiislamu kulea peke yake hakumfanyi mtu kuwa maharimu. Damu, kunyonya na ndoa ndizo zinazoweka mipaka hiyo. Lakini jambo kuwa halikuharamishwa hakulifanyi liwe jepesi machoni pa watu, na kila mtaa una macho yake. Filamu inayogusa mahali ambapo sheria inasema hivi na moyo unasema vile lazima iwagawe watu.

Ahadi iliyovunjwa

Sababu ya pili ni matarajio. Mtu anaponunua tiketi anakuwa kama ameahidiwa kitu. Tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tulijua ahadi zake: staringi hafi bure, adui anapata malipo yake, mama anampata mwanawe aliyepotea. Filamu ikivunja ahadi hiyo, wengine wataona wametapeliwa na wengine wataona wamepewa kitu kipya.

Raj Kapoor aliipata hasara hiyo kwa Mera Naam Joker, mwaka 1970. Ilimchukua miaka sita hivi kuitengeneza, na ilikuwa na urefu wa karibu saa nne zenye mapumziko mawili. Inamfuata mchekeshaji wa sarakasi kupitia mapenzi matatu, na yote matatu hayamfikishi popote. Watu waliotaka kumuona Raj Kapoor akicheka na kuimba walipewa mzee anayelia ndani ya nguo za kuchekesha. Ilianguka vibaya, na Kapoor akabaki na madeni mpaka filamu yake Bobby ilipomwinua mwaka 1973. Leo wapo wanaosema Joker ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na wapo wanaosema ni mtu aliyejihurumia kwa saa nne. Mimi niliyeiona nikiwa na miaka kumi na mbili nililala. Nilipoirudia nimeshapita thelathini, nimeshazika baba, sikulala.

Umri wa mtazamaji, kwa hivyo, nao ni sehemu ya hukumu. Filamu haibadiliki, lakini sisi tunabadilika.

Pengine hatukuona filamu moja

Kuna ugomvi mwengine ambao asili yake ni kwamba wagomvi hawakuona kitu kimoja. Mfano maarufu ni Blade Runner ya Ridley Scott. Ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford inayosimulia, na mwisho wa furaha. Mwaka 1992 ikatoka nyengine isiyo na sauti ile wala mwisho ule, na mwaka 2007 Scott akatoa aliyoiita ya mwisho. Mtu akikuambia haipendi, muulize kwanza aliiona ipi.

Kwetu wengi tunaijua Sholay ya mwaka 1975. Katika filamu tuliyoiona, Thakur anataka kumuua Gabbar Singh na polisi wanamzuia. Lakini Ramesh Sippy alipiga mwisho mwengine ambapo Thakur anamuua kwa miguu yake, na wakaguzi wa filamu wakalazimisha ubadilishwe. Mwisho wa asili ulikuja kuonekana miaka ya baadaye. Nimewahi kusikia watu wawili wakiapa kila mmoja kwamba mwenziwe muongo, na wote wawili walikuwa wakweli.

Ubaya unaochekesha

Kisha zipo filamu zinazopendwa kwa sababu ni mbaya. Mwaka 2003 Tommy Wiseau alitoa The Room huko Marekani, akiwa ameitunga, ameiongoza, ameigharamia na kuiigiza mwenyewe. Inatajwa kugharimu dola milioni 6, na katika wiki zake za kwanza iliingiza dola 1,800 hivi. Baadaye watu wakaanza kuijazia majumba ili wacheke pamoja na kurusha vijiko vya plastiki, kwa sababu ndani yake kuna picha ya kijiko iliyotiwa fremu bila maelezo.

India wana Gunda ya mwaka 1998, ya Mithun Chakraborty, ambamo wabaya wote huzungumza kwa vina kama watu wa mashairi, tena kwa matusi. Wanafunzi wa vyuo ndio walioifanya maarufu. Ukiitazama peke yako sebuleni utaizima baada ya dakika kumi. Ukiitazama na watu kumi wanaojua maneno yake, utacheka mpaka mbavu ziume. Anayeihukumu kama kazi ya sanaa na anayeifurahia kama mchezo wa pamoja hawawezi kukubaliana, kwa sababu hawajibu swali moja.

Andaz Apna Apna ya mwaka 1994 iko karibu na hapo, ingawa si mbaya. Aamir Khan na Salman Khan wanashindana kumpata binti tajiri, na Paresh Rawal anacheza mapacha, mmoja mwema mmoja mwizi. Haikufanya vizuri sinemani. Televisheni na kanda ndizo zilizoifufua, na leo ukilitaja jina la Crime Master Gogo kwa watu wa rika langu, watacheka kabla hujamaliza. Mtoto wangu wa kiume aliitazama nusu akaniuliza, "Baba, kichekesho kiko wapi?" Nusu ya raha yangu ilikuwa ni binamu zangu waliokuwa wamekaa nami chini ya feni. Yeye hakuwa nao.

Wafuasi nao huzaa wapinzani

Sababu ya mwisho inatuhusu sisi wapenzi wenyewe. Mtu akishikilia filamu kama sehemu ya nafsi yake, anayeikosoa huonekana amemtukana yeye. Humwambia, "Hukuielewa." Na mtu aliyeambiwa hakuelewa hurudi na chuki maradufu. Baada ya hapo hawagombani tena juu ya filamu. Wanagombana nani ana akili na nani ana adabu.

Barzani

Yule fundi seremala nilimfuata kwenye karakana yake. Hakuzungumza habari ya Yash Chopra hata kidogo. Rafiki yake alifariki baharini akaacha binti mdogo, na yeye na mkewe wakamlea mpaka akaolewa Malindi. Mkewe alipofariki, binti akiwa bado nyumbani, watu walimtania. Wengine hawakutania, walinong'ona. "Kila wakiitaja filamu ile," akaniambia, "mimi nayasikia yale maneno."

Dereva naye nilimuuliza. Aliitazama Lamhe na mkewe mwaka waliooana, kwenye deki ya kuazima. Mkewe ni marehemu. Hadithi yenyewe aliikumbuka kidogo tu. Alichokumbuka ni nyimbo, na aliyekaa ubavuni pake.

Nilimweleza dereva niliyoyasikia, kwa ruhusa ya mwenyewe. Alinyamaza. Ijumaa baada ya swala alikwenda karakana, na jioni walikuja barzani pamoja. Filamu haikutajwa. Wala hawakukubaliana juu yake, na sidhani watakubaliana.

Msomaji wangu, nimeona kwamba kabla ya kuuliza filamu ni nzuri au mbaya, ni heri kumuuliza mwenzako aliiona lini, na nani, na ilimkuta katika hali gani. Jibu lake huenda lisibadilishe maoni yako, lakini litakuzuia kumwambia hakuelewa.