Marine Gunner

Marine Gunner ni afisa mteule bingwa wa silaha za askari wa miguu katika Kikosi cha Marine cha Marekani. Cheo hicho kilianzishwa kwa sheria ya Agosti 29, 1916. Wa kwanza kukipata, mwaka 1917, alikuwa Henry Hulbert, mzaliwa wa Uingereza aliyetunukiwa Nishani ya Heshima kwa mapigano ya Samoa ya 1899. Aliuawa vitani Ufaransa, Oktoba 1918. Jina la cheo lilifutwa 1943 na kurejeshwa 1956, kisha likaachwa na kurudishwa tena. Mhusika huvaa alama ya bomu linalolipuka kwenye ukosi wa kushoto, na hushauri makamanda kuhusu silaha na mafunzo ya kulenga shabaha. Tofauti na afisa mteule wa Tanzania au Kenya, ambaye yuko kileleni mwa vyeo vya askari, huyu huhesabiwa miongoni mwa maofisa, japo chini ya luteni.